Pigo la Tisa

Kibanio cha nguo, cha mti, nimekibana juu ya daraja la fidla
ili mtoto wa jirani alale.
Sauti inatoka kama ya mtu anayesemea ndani ya shuka.
Ni saa nne ya usiku Kibokoni. Pangaboi linazunguka,
na kila mzunguko wa tatu linagonga kitu,
tak, halafu linasahau, halafu tak.
Silifuati. Limeshaniponza mara nyingi.

Samai hii ina mapigo kumi.
Moja-mbili-tatu. Moja-mbili. Moja-mbili. Moja-mbili-tatu.
Ukiitamka ni nyepesi kama bei ya mchicha.
Ukiitia mkononi, upinde unataka kwenda na wake,
na kidole cha mwisho, kile kidogo, kivivu,
kinabisha hodi wenzake wakishakula.

Mwalimu Lutfi alitia duara kwa penseli,
si kwenye zile noti zilizorundikana kama siafu;
alitia pale pasipo na kitu.
"Noti utazipata," alisema. "Hapa ndipo unapoiba."
Pigo la tisa, pigo la kumi: ngoma imenyamaza,
na mimi, badala ya kukaa,
naruka kama anayevuka Barabara ya Digo.

Naanza tena. Hamsini kwa dakika.
Simu yenye kioo kilichopasuka inanidondoshea tik, tik.
Moja-mbili-tatu.
Je, nilifunga hesabu ya ghala la Shimanzi?
Moja-mbili.
Magunia mia tatu na arubaini, au mia nne na thelathini?
Nimepotea.
Akili yangu ni kuku aliyefungwa kamba mguuni:
anachakura mpaka kamba inanyooka,
anashangaa, anarudi,
anachakura upande wa pili.

Naanza tena.
Mara ya kumi na sita, labda ya kumi na saba.
Jasho la Machi linateleza toka shingoni hadi kwenye mbao,
unga wa sandarusi umenata kwenye nyusi,
na chini ya kidevu pananiwaka.
Mama, toka chumbani, gizani:
"Mwanangu, wakimbilia wapi? Hakuna akufukuzaye."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Kisha simu ikazima, chaji imekwisha,
na ndipo nikaisikia cherehani ya chini,
fundi Khuzema na kanzu zake za harusi ya Ijumaa,
mguu na kanyagio, mguu na kanyagio,
halafu kimya.

Uzi umekatika.
Nikasimama na upinde wangu, nasikiliza.
Najua, bila kuona, kwamba amesogeza taa,
amelamba ncha ya uzi, amefumba jicho moja,
na kwamba sasa hivi Mombasa yote, na bandari yake,
ni tundu la sindano.
Mashine haisemi. Kazi haijasimama.
Kisha kanyagio, kana kwamba hakikukatika kitu.

Nainua upinde.
Moja-mbili-tatu. Moja-mbili. Moja-mbili. Moja
na hapo nakaa.
Sipo barazani nangoja kufunguliwa mlango;
nimo ndani, upinde uko hewani shibiri moja juu ya nyuzi,
nimefumba jicho moja.
Mbili.
Tatu.
Na moja inaingia yenyewe, haina haraka,
inakikuta kiti chake kitupu, inakaa.

Mara moja tu. Sina shahidi ila pangaboi,
na ushahidi wake unajulikana.
Nikarudia. Nikaiba nusu ya pigo la kumi.
Nikarudia, kidole kidogo kikachelewa,
nikacheka peke yangu kama mwehu.

Chini, mashine ikanyamaza tena.
Mpini wa ufagio ukagonga dari, yaani sakafu yangu,
mara mbili, sawasawa.
"Ile ya kabla!" fundi akaita. "Ile ya kabla ya hizi!"

Ndiyo, fundi. Ile.
Naitafuta.